Wazee wetu wa Misheni Bagamoyo walibatizwa bila Biblia mkononi, sisi tunayo kwenye simu. Nani anaijua imani zaidi?

#1 Mwana_Dunda

Wakuu, habari za jioni. Nina swali, na naomba tulijadili kwa utulivu maana humu tupo wa kila dhehebu, na ndugu zetu Waislamu pia mnasoma.

Mimi ni wa Bagamoyo, ukoo wetu ni wa Misheni. Wazee wetu ni katika wale watoto waliokombolewa soko la watumwa Unguja. Mapadri wa Roho Mtakatifu walivuka kuja huku mwaka 1868, padri mkubwa akiwa Antoine Horner, wakaanzisha kijiji cha uhuru. Watoto wakafundishwa kusali, kulima, useremala, kusoma kidogo. Wakabatizwa, wakakua, wakaozeshwa, wakapewa shamba.

Sasa tazameni. Mwaka ule hapakuwa na Biblia nzima ya Kiswahili popote duniani. Misa ni Kilatini. Kilichokuwepo ni sala za kukariri, katekisimu ya maswali na majibu, picha za ukutani na mdomo wa padri, basi. Na kwa hicho hicho kidogo, kufika mwaka 1877 familia kutoka kijiji kile zinapelekwa Mhonda kuanzisha misheni bara. Mtu ametolewa kwao kwa mnyororo, hana hata ukurasa mmoja wa Injili aliousoma mwenyewe, na anakwenda kuwafundisha wengine.

Kijana wangu wa kidato cha tatu ana tafsiri tatu za Biblia kwenye simu na mahubiri ya dunia nzima. Nikimuuliza Ekaristi ni nini ananiambia, "Baba, ngoja nitafute."

Dai langu: maarifa ya dini kuwa mengi na karibu hakukuongeza imani. Kumeleta imani ya namna nyingine. Ni ya namna gani, ndilo ninaloomba mnisaidie.

#2 Bint_Ngamiani

Natia timu. Ila kaka umemtia hatiani mtoto wa kidato cha tatu kabla kesi haijasomwa.

#3 Msambaa_wa_Mlalo

Mleta uzi, heshima yako, lakini hapa hatutakubaliana.

Muumini asiyeweza kufungua Maandiko mwenyewe anamwamini anayemfungulia. Siku huyo akidanganya, muumini hana pa kukimbilia. Ndiyo historia ya Ulaya kwa karne nyingi. Kitabu kilikuwa mali ya monasteri na mabwana. Ipo Biblia moja ya Kilatini iliyoandikwa kwa mkono Uingereza mwanzoni mwa karne ya 8 ambayo ilimaliza ngozi 500 hivi za ndama. Mkulima atapata wapi ng'ombe wote hao? Gutenberg alipochapa Biblia yake mnamo 1455 alitoa nakala karibu 180 tu, lakini mlango ulishafunguka. Luther akatoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima 1534. Ndipo mama wa jikoni akaanza kumuuliza padri, hili umelitoa wapi?

Kwetu Mlalo Walutheri walifika mwaka 1891. Nyumba ya ibada na darasa la kusoma vilikwenda pamoja. Bibi zetu walijifunza herufi ili wapate kipaimara. Baadaye Vuga ikawa na mtambo wake wa kuchapa vitabu. Msiniambie hayo hayakuongeza kitu.

#4 Mwalimu_Magila

Asante kwa uzi. Naongeza na kurekebisha kidogo.

Mwana_Dunda, ni kweli mwaka 1868 Biblia nzima haikuwepo, lakini isionekane kwamba pwani hii ilikuwa tupu. Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, na sura tatu za kwanza za Mwanzo alizozitafsiri zikachapwa 1847. Askofu Steere wa misheni ya Kianglikana Unguja alikuwa na mtambo wake wa kuchapa, na Agano Jipya lilikamilika kabla hajafariki mwaka 1882. Biblia nzima ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1890.

La pili ndilo kubwa kwangu. Waliopokea hawakubaki wapokeaji. Mwaka 1864 Sultani Majid wa Unguja alimpa Askofu Tozer wa misheni hiyo hiyo wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Mmoja wao, John Swedi, akawa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, naye mtumwa aliyekombolewa, akapata upadri mwaka 1890. Chuo cha misheni cha Kiungani, Unguja, kilitoa walimu waliotumwa mpaka huku kwetu Magila. Na walimu hao waliandika! Gazeti la Msimulizi lilianza Kiungani mwaka 1888, na Magila tukawa na Habari za Mwezi miaka ya 1890. Walimu wakiandikiana barua za vijijini: nani kabatizwa, nani karudi nyuma, mvua imenyesha wapi.

Kwa hiyo picha ya padri anayeongea na Mwafrika anayesikiliza tu, upande wetu huu wa Muheza haikai.

#5 Kobe_wa_Raskazone

Mwalimu umesahau Kiongozi, gazeti la Wakatoliki lililoanzia hapa hapa Tanga enzi za Mjerumani.

#6 Mwalimu_Magila

Kobe, hayo ni magazeti mawili tofauti. Kiongozi ya Tanga ilikuwa ya shule ya serikali ya Wajerumani, ikafa wakati wa Vita ya Kwanza. Shule ile haikuwa ya misheni, na watoto wengi wa Kiislamu walisoma pale kwa sababu hiyo hiyo. Kiongozi ya Wakatoliki ilianza Tabora mwaka 1950.

Na hili linagusa mada. Hapa Tanga kusoma hakukuja kwa mlango wa kanisa peke yake. Wapo waliojua kusoma vizuri na hawakuona sababu ya kuwa Wakristo.

#7 Ustadhi_Chumbageni

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa. Mniruhusu jirani.

Nawasoma mnalinganisha kitabu na mdomo, na mmelipita jambo la tatu: kifua. Mtoto wa chuoni kwetu anahifadhi kwanza, maana anaelezwa akikua. Wengi huwacheka watoto hao, wanasema wanakariri wasichokijua. Mimi nafundisha, nakwambieni mtoto akishakibeba hakuna wa kumnyang'anya. Taa ikizimika anacho, akiwa mgonjwa anacho.

Wazee wenu wa katekisimu walikuwa nacho kifuani. Jirani yangu Mkatoliki, Mungu amrehemu, alipooza upande mmoja na maneno yakampotea. Jina la mwanawe halikumjia. Lakini mkewe akianza sala zao za jioni, yeye akimalizia, neno kwa neno. Mimi nimemsikia kwa masikio yangu, ukuta wetu ni mmoja.

Sasa nyinyi mmeacha kuhifadhi, mmeiachia simu ihifadhi. Kijana wa Mwana_Dunda hakukosa maarifa. Ameyaweka nje ya mwili wake.

#8 Bint_Ngamiani

Ustadhi leo umekuja na hekima, juzi kwenye uzi wa Coastal Union ulikuwa hushikiki 😂

Ila hapo kwa jirani yako nimekaa kimya kidogo.

#9 Mfukunyuzi

Nimefurahi kukuta uzi wa aina hii. Naleta visa viwili vya mbali ili tujipime.

Kisa cha Madagaska. Wamisionari Waingereza walikamilisha Biblia ya Kimalagasi mwaka 1835. Mwaka huo huo Malkia Ranavalona wa Kwanza akapiga marufuku Ukristo. Wamisionari wakaondoka, waumini wakauawa, wengine wakauzwa utumwani. Waliobaki walificha Biblia, wakazikata vipande wakagawana, wakazifukia ardhini. Malkia alipofariki mwaka 1861 na wageni kuruhusiwa kurudi, walikuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha. Hapakuwa na mchungaji wa kigeni, kitabu kilikuwepo.

Kisa cha Japani. Ukristo ulipigwa marufuku mwaka 1614. Mapadri wakafukuzwa au kuuawa, vitabu vikapotea. Mwaka 1865 padri Mfaransa, Petitjean, akiwa katika kanisa jipya la Oura pale Nagasaki, akafuatwa na kikundi cha wanavijiji. Wakamnong'oneza kwamba moyo wao na wake ni mmoja, wakamuuliza iko wapi sanamu ya Maria. Miaka 250! Biblia hawana, padri hawana. Walikuwa na sala walizorithishana kwa mdomo, kalenda ya sikukuu, na mtu wa kubatiza watoto katika kila kijiji.

Msambaa atachukua Madagaska, Mwana_Dunda atachukua Japani. Lakini mtu mkweli itambidi azibebe zote mbili.

#10 Msambaa_wa_Mlalo

Naichukua Madagaska kweli, tena bila aibu. Ongezeko linatokea palipo na kitabu. Japani walihifadhi, hawakuongezeka.

#11 Mwana_Dunda

Msambaa, waongezeke vipi na anayejulikana anateswa mpaka amkane Kristo? Kubaki kwenyewe ni muujiza.

#12 Mfukunyuzi

Tusiwapambe pia. Baada ya vizazi saba au vinane sala za Kilatini na Kireno zilikuwa zimebadilika mpaka maneno mengine hayakueleweka na yeyote. Mapadri waliporudi, wengine waliungana na Kanisa, na wengine walikataa, wakasema dini ya wazazi wetu ni hii tuliyonayo. Upande wao wana hoja. Waliteseka kwa ajili ya sala zile, halafu mgeni anashuka melini na kuwaambia wanazisali vibaya.

Na Msambaa, jambo moja kuhusu #3. Luther hakuwa wa kwanza kuwapa Wajerumani Biblia ya lugha yao. Mentelin wa Strasbourg aliichapa mwaka 1466, zikafuata nyingine kadhaa kabla ya 1522. Vitabu vilikuwepo na watu hawakuasi. Kwa hiyo kitabu peke yake hakielezi.

#13 Msambaa_wa_Mlalo

Tafsiri zile zilitoka kwenye Kilatini, nzito, na bei yake si ya mkulima. Luther alirudi kwenye Kigiriki na Kiebrania na akaandika kama watu wanavyosema sokoni. Kuwepo kwa kitabu ghalani na kufika kwake mezani kwa mtu ni mambo mawili.

Ngoja na mimi nilete Afrika. Kanisa la Afrika Kaskazini, la kina Agostino, lilisali na kusoma Kilatini. Wenyeji wa milimani hawakupata Maandiko kwa lugha yao. Waarabu walipofika, baada ya karne chache limekwisha. Misri walikuwa na Biblia ya Kikopti, na Wakopti wapo mpaka leo. Wahabeshi walikuwa na ya Kigeez, lugha yao ya kale, nao wapo.

#14 Mfukunyuzi

Na Wanubi, wale wa Sudan ya leo, je? Walikuwa na Maandiko kwa Kinubi, waliandika, wakachora makanisa yao kama Faras kwa rangi ambazo mpaka leo zinashangaza watu. Falme zao za Kikristo zilidumu miaka elfu hivi, na kufika karne ya 15 zimezimika. Lugha walikuwa nayo.

Halafu Kigeez, Wahabeshi wengi hawakielewi kwa karne nyingi sasa. Wanakisikia kanisani kama wazee wa Bagamoyo walivyosikia Kilatini. Mbona hawakutoweka?

#15 Kobe_wa_Raskazone

Hapa Mfukunyuzi kafunga goli.

#16 Mama_Jumuiya_Muheza

Wanangu, nyote mnaongea vya wafalme na malkia. Niwaletee cha bibi yangu mzaa mama.

Alibatizwa msichana, akafundishwa na mwalimu wa dini chini ya mwembe, kila kitu kwa mdomo. Hakujua a wala be. Ukaja ule wakati wa kisomo, miaka ya 70, Mwalimu Nyerere kasema watu wazima wote wasome. Mwaka 1967 theluthi mbili hivi ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Takwimu za serikali za mwaka 1986 zikasema waliobaki hawafiki asilimia 10. Bibi yangu ni mmoja wa waliovuka. Alikuwa na wajukuu tayari.

Alipoweza kusoma akataka Biblia. Nakumbuka alivyosoma: mlangoni, penye mwanga, kitabu juu ya kinu kilichopinduliwa, na njiti ya chelewa anaisogeza chini ya mstari. Akifika mwisho wa mstari anasimama, anaurudia wote kwa sauti, ndipo anashuka. Sura moja inamchukua jioni nzima.

Siku moja akasoma Mathayo sura ya pili. Akarudia. Akaniita mimi nimsomee, maana hakuyaamini macho yake. Mamajusi hawakuhesabiwa! Maisha yake yote ameimba na kufundishwa kuwa ni watatu. Akaenda Mwanzo kutafuta tufaha la Hawa, akakuta tunda tu, halikutajwa la mti gani. Akajifunga khanga, akaenda kwa mwalimu wa dini na Biblia yake kwapani.

Mwalimu yule alikuwa mzee mwenzake. Angeweza kumfukuza. Wakafungua pamoja, akasoma kimya, akamwambia, "Ni kweli, hapa hawakuhesabiwa. Watatu ni kwa ajili ya zawadi." Tangu siku hiyo bibi alikaa mbele kanisani, na mhubiri akitaja sura unamwona ameshaanza kufungua.

Sasa mniambie. Imani yake iliongezeka? Alisali vile vile, alifunga vile vile Kwaresima. Kilichobadilika ni kwamba alikuwa haogopi. Kabla ya hapo sijapata kumsikia akimuuliza mtu wa kanisa swali.

#17 Bint_Ngamiani

Mama, shikamoo. Hili ndilo jibu bora mpaka sasa na wala halijamjibu mtu 😊

#18 Kijana_wa_Pongwe

Mama nimekuelewa sana, na mimi nasema kwa niaba ya hao vijana wa simu mnaowaandama.

Naendesha bodaboda. Biblia nasikiliza kwa sikio moja nikisubiri abiria, Matendo ya Mitume nimeimaliza kijiweni. Mwaka juzi nilikuwa nasali kwa mhubiri mmoja hapa mjini, simtaji. Anauza mafuta ya upako, chupa ndogo elfu kumi. Akatoa mstari wa Yakobo tano, wazee wampake mgonjwa mafuta. Nikafungua pale pale nimekaa kwenye kiti. Nikasoma kabla na baada. Hakuna bei! Panasemwa kuombeana na kuungamiana dhambi. Nikakunja kiti changu cha plastiki, nikatoka.

Asingekuwa huyo "ngoja nitafute", mimi ningekuwa nanunua mafuta mpaka leo.

#19 Bint_Ngamiani

Na shangazi yangu je? Yeye simu hiyo hiyo ndiyo iliyomletea mhubiri wa mafuta mpaka chumbani. Yuko mbali huko, hajawahi kumwona, anamtumia sadaka kwa simu kila mwisho wa mwezi. Biblia anayo, kusoma anajua, darasa la saba lile la zamani.

Ndiyo maana mimi sikubaliani na mleta uzi wala na Msambaa. Kupata maarifa siyo kisa. Kisa ni unamwamini nani akuambie maana yake. Zamani alikuwa padri na mwalimu wa dini, mtu unayemjua kwao, ukoo wake, tabia yake akilewa na asipolewa. Sasa ni uso kwenye kioo. Mwalimu yule wa bibi yake Mama Jumuiya aliulizika. Huyu wa shangazi haulizwi.

#20 Mwongoza_Wageni_Bagamoyo

Naingia hapo kwenye maarifa ya mdomo. Pale Misheni kuna mbuyu uliopandwa na mapadri, una kipande cha mnyororo kimezama ndani ya gome. Kila mgeni anakuja na stori yake kwamba watumwa walifungwa pale. Sivyo. Mnyororo ule ulikuwa wa Madame Chevalier, mama Mfaransa aliyewahudumia wagonjwa, akimfunga punda wake. Mbuyu ukakua, ukaumeza.

Namweleza mtu, anaitikia, kesho nakuta ameandika mtandaoni kuwa ni wa watumwa. Watu wanashika kinachogusa moyo. Sidhani dini imesalimika na hilo.

#21 Kobe_wa_Raskazone

Kumbe punda! Nimewapeleka wanafunzi wangu pale na nikawaliza kwa mnyororo ule.

#22 Mwana_Dunda

😂 Kobe, warudishe wakacheke.

Mwongoza Wageni, asante kwa kulisafisha. Lakini ukweli mwingine wa pale haupungui. Yale makaburi ya wamisionari nyuma ya kanisa, soma umri wao, wengi vijana, homa iliwamaliza. Na mwaka 1874 mwili wa Livingstone ulifikishwa hapo kwa mapadri na akina Chuma na Susi waliotembea nao kutoka bara. Watoto wa kijiji cha uhuru waliyaona hayo kwa macho yao. Naamini hayo yaliwafundisha kuliko katekisimu. Hawakuwa na Injili ya kusoma, walikuwa na watu wa kuwatazama.

#23 Mfukunyuzi

Nilimwahidi Msambaa nitarudi. Luther mwenyewe aliona shida ya kitabu kufika kila meza. Mwaka 1525 wakulima wa Ujerumani waliandika madai kumi na mawili, na pembeni wakaweka mistari ya Biblia: kama Kristo ametukomboa wote, kwa nini tuwe mali ya bwana? Hoja nzito. Luther aliwaunga mkono kidogo mwanzoni, kisha vita ilipowaka akaandika dhidi yao kwa maneno makali kabisa. Baadaye wakakagua parokia za Saksonia, wakakuta watu hawajui hata Baba Yetu. Mwaka 1529 akaandika nini? Katekisimu. Maswali na majibu, ya kukariri. Yaleyale ya Bagamoyo.

#24 Msambaa_wa_Mlalo

Na katekisimu hiyo naijua kwa moyo mpaka leo, sioni ubaya. Iliandikwa ili mtu aielewe Biblia aliyonayo, haikuandikwa ili asiisome. Na kuhusu wakulima, mimi niko upande wao. Watu waliokuwa hawahesabiki walisoma na kujiona wanahesabika. Ndiyo hofu iliyomtoka bibi wa Muheza, Mfukunyuzi. Kama kitabu hakina nguvu, wakubwa wa kila zama walikiogopea nini? Tyndale alichapa Agano Jipya la Kiingereza mwaka 1526, miaka kumi baadaye akanyongwa na kuchomwa.

#25 Katekista_Korogwe

Kristo. Nimesoma zote, nashukuru.

Mimi ni katekista, hii ndiyo kazi yangu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wetu, ulitoa ruhusa ya lugha za wenyeji katika liturujia mwaka 1963, na mwaka 1965 ukasema wazi kwamba waamini wote wafunguliwe mlango mpana wa Maandiko Matakatifu. Kwa hiyo Msambaa, hoja yako ya mlango kufungwa ni ya zamani. Wazee wangu waliniambia Misa ya kwanza ya Kiswahili iliwafanya wengine walie kwa furaha. Na mzee mmoja alikataa, akasema sasa padri anaongea na sisi, nani anaongea na Mungu?

Kwenye Matendo sura ya nane yule Mhabeshi yuko garini na kitabu cha Isaya mkononi. Kusoma anajua, tena ni mtu mkubwa, kitabu anacho. Filipo anamuuliza kama anaelewa, naye anajibu, nitawezaje mtu asiponiongoza? Andiko ni kama nazi, huwezi kuikuna kabla hujapata wa kukufulia. Nasema hivi kwa sababu wanajumuiya wangu siku hizi wananijia na maswali yaliyotoka kwenye simu ambayo sikufundishwa kuyajibu. Nani aliandika Waebrania. Kwa nini Waprotestanti hawana Tobiti. Mengine nakesha nayo. Nafurahi yananijia, ila nisipopata mwongozo na mimi, nitawaongozaje? Mafunzo tunayopata ni machache na wanaoulizwa ni sisi.

Mtume Paulo kasema imani chanzo chake ni kusikia. Kusikia kunataka msemaji aliyesoma.

#26 Kijana_wa_Pongwe

Katekista, Mhabeshi akishaongozwa alibatizwa, na Filipo akaondoka pale pale. Akaendelea na safari yake akifurahi, na kitabu chake. Filipo hakukaa garini mpaka Uhabeshi.

#27 Katekista_Korogwe

Umesoma, kijana. Njoo Jumamosi utusaidie vipaimara.

#28 Ustadhi_Chumbageni

Pongwe kapewa kazi papo kwa papo, hongera 😂

#29 Bint_Ngamiani

Nirudi kwa mleta uzi, kuna kitu kinanikaa kooni tangu #1. Tunasema wale watoto walishika imani. Walikuwa na njia gani nyingine? Mtoto ametoka sokoni, hajui kwao, chakula ni cha misheni, paa ni la misheni, mke atampata misheni, shamba ni la misheni. Kengele inamwamsha, kengele inamlaza. Hapo tukisema maarifa machache yalizaa imani kubwa tunasahau shamba na uji.

Na wapo waliotoroka.

#30 Mwana_Dunda

Ni kweli, wapo waliotoroka, na dada sikukatalii uji. Lakini uji haujibu yote. Kijiji kile kilikuja kwisha, hakuna kengele iliyokuwa ikiwalazimisha tena. Walikuwa pwani, mji mzima unawazunguka ni Waislamu, ingewafaa kibiashara na kwa ndoa kusilimu. Wengine walisilimu. Ukoo wangu haukusilimu, na hakuna aliyewapa uji wakati huo. Kuna kitu kilishika. Sijui kilishikaje kwa katekisimu ya kurasa chache, ndiyo maana nikafungua uzi.

#31 Bint_Ngamiani

Sawa. Lakini ukoo wako uliobaki ndio unaosimulia. Waliotoroka waliondoka na imani gani? Walisali huko walikokwenda au waliiacha njiani? Mpaka tuwasikie hao, nusu ya swali lako haina shahidi.

#32 Mfukunyuzi

Dada umegusa penyewe. Mashahidi wapo kwa kiasi. Mapadri wa Bagamoyo waliandika shajara ya misheni, na barua zao kwa wakubwa wao zimehifadhiwa Chevilly, karibu na Paris. Watoro wanatajwa humo. Tatizo ni moja, vyote ni kwa Kifaransa.

#33 Mwana_Dunda

Yaani habari za babu zangu zimeandikwa na siwezi kuzisoma. Nani humu anajua Kifaransa? Niko tayari kulipia tafsiri ya hata ile miaka kumi ya kwanza. Mwalimu_Magila, na zile Habari za Mwezi, kuna nakala yoyote iliyobaki huko kwenu?